Faharasa, au kwa nini "muche" haukuonekana

Mteja wangu mmoja ana duka la mbegu na zana za kilimo Butembo, na wanunuzi wake wengi ni wakulima wa upande wa Musienene na Lubero. Nilimtengenezea tovuti yenye kisanduku cha kutafutia juu kabisa, mahali ambapo jicho hufika kwanza. Juma la pili akaniita dukani. "Ndugu, naandika muche, inaniambia hakuna kitu. Na miche iko hapa nyuma ya depo, naiona kwa macho!"

Jibu la haraka lilikuwepo: tovuti nimeiandika "mche", yeye kaandika "muche". Lilikuwa jibu la kweli, ila lilimtwika mnunuzi kosa lisilo lake. Huku tunasema mutu, muti, mulango. Mama wa Musienene aliyenunua mega zake chache za intaneti hatajifunza kwanza kuandika kama mtu wa Unguja ndipo apate mbegu za kabichi. Nikamwambia patroni wa duka kwamba shida iko kwenye "index", kwa Kifaransa chetu cha kila siku. Akakitazama kidole changu cha shahada, kwani kwa Kifaransa neno hilo ni jina la kidole hicho pia, akangoja nimwonyeshe kitu.

Siku hiyo ndipo nilipolihitaji neno faharasa.

Limetufikia kutoka Kiarabu, fihris, na Waarabu nao walilitoa kwa Waajemi. Huko Baghdad, mwaka 987, Ibn al-Nadim aliandika kitabu kiitwacho al-Fihrist, orodha ya vitabu vya Kiarabu alivyovijua, pamoja na watunzi wake. Kwa Kiswahili, faharasa ni ile orodha ya mwisho wa kitabu inayokupa neno na kurasa zake. Ndugu yake, fahirisi, amechukuliwa na watakwimu: Tanzania wana Fahirisi ya Bei, ambayo ni namba na haina kurasa. Watu wa kanisa nao wana itifaki, orodha ya maneno ya Biblia na mistari yalimo, ingawa siku hizi ukisema itifaki watu wanafikiria mabalozi na viti vya mbele. Ndiyo maana kwa kazi ya kompyuta nachagua faharasa. "Indeksi" inatamkika vizuri, lakini haimwambii mfanyabiashara chochote, na kama ulivyoona, Butembo inamwonyesha kidole.

Sasa kazi yake. Watu wengi hudhani kwamba ukibonyeza "tafuta", mashine inakimbia kusoma kurasa zote. Tovuti nyingi ndogo hufanya hivyo kweli. WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, ikiachwa ilivyo hupitia maandishi yote ikitazama kama herufi ulizoandika zimo mahali popote, hata katikati ya neno. Mtoto wa patroni aliandika "tembo" kwa mchezo, akaletewa karibu tovuti nzima, maana tembo yumo ndani ya Butembo. Katika tovuti ya zahanati ingekuwa balaa: mgonjwa wa ini angepewa kila tangazo lenye neno "mjini".

Mashine nzuri haisomi kurasa wakati wa kuulizwa. Ilikwisha kuzisoma mapema, ikazigeuza: badala ya ukurasa wenye maneno yake, ikaweka neno lenye kurasa zake. "Kabichi: ukurasa wa 4, wa 19, wa 32." Mtu anapouliza, inafungua hapo tu. Mafundi huongeza sifa kwenye jina lake kuonyesha huo ugeuzaji, na mimi husema faharasa geuzi ninapoongea nao. Kwa mteja, faharasa inatosha. Kisichoingia humo hakipo, hata kama kimejaa depo.

Kwa hiyo swali linakuwa: neno liingie kwa sura gani? Hapa Kiswahili kina shida zake. Mwaka 1980 Martin Porter wa Cambridge alichapisha kanuni za kupunguza maneno ya Kiingereza kwa kuyakata mikia, na programu nyingi za kutafutia bado zinafuata njia hiyo. Kiswahili mzigo wake mkubwa kimeubeba kichwani. Chukua "tulivyovipanda": tu, li, vyo, vi, ndipo ufike panda. Ukikata mkia peke yake umekata kucha.

Nikatunga kanuni zangu za dukani. Mu- mbele ya konsonanti inageuzwa m-. M- na mi-, ki- na vi-, ma- zinaondolewa, mradi zibaki herufi tatu au zaidi. Hivyo kitunguu na vitunguu wanakutana kwenye "tunguu", mche na miche kwenye "che", na maji yanaachwa yalivyo. Mti na miti, kwa ufupi wao, nikawaandikia kwa mkono. Kanuni hizo zinafanya kazi milangoni kote kuwili, neno linapoingia kwenye faharasa na mtu anapouliza. "Muda" unakuwa "mda" huku na huku, na hakuna anayeuona ubaya wake.

Vitenzi vilinitoa jasho. Nilipoviunganisha napanda, ilipandwa na kupanda chini ya mzizi mmoja, wakulima waliotafuta namna ya kupanda vitunguu wakaletewa kwanza tangazo la patroni: "Bei za mbolea zimepanda." Mzizi -pand- ni wa mbegu na wa bei pia. Ukilegeza faharasa unapata vyote, na takataka zake. Ukiibana unapata safi, na mengine yanakupotea. Sijaona kanuni inayomaliza ugomvi huo. Niliyapunguzia matangazo uzito, yakashuka chini ya orodha, na patroni hakufurahi sana.

Kilichosaidia kuliko kanuni zote ni daftari. Karani wa duka lile huandika bidhaa ambayo wanunuzi wameiulizia wakaikosa. Nikaifundisha tovuti ifanye vilevile: kila neno lililotafutwa likarudi mikono mitupu linaandikwa, nami nalisoma Jumamosi. Humo ndimo nilimokuta "engrais" imeandikwa "angre", nikaifunga pamoja na mbolea. Na juu kabisa, neno lililoshindwa kuliko yote, lilikuwa lengalenga. Mbegu hizo zilikuwa na ukurasa wake tangu siku ya kwanza, pamoja na picha na bei. Ila ukurasa niliuandika mimi, kwa Kiswahili cha vitabuni, nikaupa jina mchicha.