Pishi, Kibaba na Ratili: Ujazo na Uzani katika Vipimo vya Jikoni

Karatasi moja ya mapishi ya mkate wa kumimina, iliyohifadhiwa na jamaa zangu huko Pugu, yaagiza mchele kisaga kimoja na sukari ratili moja. Binti aliyeirithi aliniomba nivigeuze vipimo hivyo kuwa kilo. Nilidhani ni kazi ya dakika moja, nikafungua kamusi.

Mpango wenyewe wajulikana. Vibaba viwili ni kisaga, na visaga viwili ni pishi. Hivi ni vipimo vya ujazo, na hata methali ya haba na haba yashuhudia hivyo, maana kinachojazwa ni chombo. Ratili ni kipimo cha uzani. Ina wakia 16, nayo husimama badala ya paundi ya Kiingereza. Frasila ni ratili 35 hivi, karibu kilo 16. Mgawanyo huu haukutokea kwa bahati. Sandarusi iliyochimbwa Uzaramo katika karne ya 19 iliuzwa pwani kwa frasila, kama pembe na karafuu; mtama na mchele wa kula nyumbani ulipimwa kwa pishi. Kilichokwenda ng'ambo kilipandishwa mizanini, na kilichokwenda chunguni kilitiwa katika kibaba. Katika karatasi ile sukari yatoka dukani na mchele watoka kinuni, na kila kimoja kina kipimo cha kwao.

Sasa tutazame kamusi. Madan (1903), na baada yake Johnson (1939), waieleza pishi kuwa karibu nusu galoni kwa ujazo, na karibu ratili 6 kwa uzani. Lakini galoni ya Kiingereza ya maji ina uzito wa ratili 10, basi nusu yake ni ratili 5. Na nafaka, kwa sababu ya nafasi zilizo kati ya punje, ni nyepesi kuliko maji ya ujazo ule ule. Lita moja ya mchele ni gramu 800 hivi. Nusu galoni, yaani lita 2.27, haifiki kilo 1.9, ilhali ratili 6 ni kilo 2.7. Hesabu mbili hizi haziwezi kuwa za pishi moja.

Kwa maoni yangu ujazo ule ni wa pishi ya mfuto, na uzani ule ni wa pishi ya tele. Mfuto, kutokana na kufuta, ni kipimo kilichosawazishwa ukingoni kwa kijiti au kiganja. Tele ni kile kilichorundikwa mpaka punje zaporomoka. Chombo kikiwa kipana, kilele chake si kidogo. Kamusi hizo zayajua maneno yote mawili, ila hazikuyatumia mahali yalipohitajiwa zaidi. Huko Pugu leo mchele huuzwa kwa kilo, lakini maharage na dagaa hupimwa kwa kopo na sado, na mnunuzi angali akidai kilele chake. Nao watoao pishi ya zaka ya fitri, ambayo siku hizi hukadiriwa mara nyingi kuwa kilo 2.5, wana swali la pili: pishi ya kitu gani? Unga wa ngano katika chombo kile kile hupungua uzito kwa theluthi nzima ukilinganishwa na mchele.

Nilimwandikia binti yule hesabu ya mfuto: mchele gramu 900, sukari gramu 450. (Tui halikuandikiwa kipimo chochote; lasemwa kuwa la kutosha.) Mkate uliiva vizuri. Shangazi yake, aliyeuona ukipikwa tangu utotoni, alionja kipande akauliza ni nani aliyezidisha sukari. Maana marehemu mama yake, alisema, hakupata kufuta kibaba maisha yake yote.