Katanga: Mwenye Moto Ndiye Mwenye Shaba

Kusini-mashariki mwa Kongo, katikati ya msitu wa miombo, kuna vilima visivyoota miti. Msitu unaishia chini ya mteremko, na kutoka hapo kwenda juu ni nyasi fupi na ua dogo la zambarau ambalo wataalamu wa mimea huliita Haumaniastrum katangense. Udongo wa vilima hivyo una shaba nyingi mno, kiasi cha kuidhuru mimea mingine. Ua hilo limeizoea sumu ambayo majirani zake hawaiwezi. Vilima vya namna hiyo ndivyo vilivyowaonyesha wachimbaji wa kale pa kuchimba, na karne nyingi baadaye wanajiolojia wa Kizungu walizifuata alama hizo hizo.

Lakini kuipata shaba ardhini ni nusu ya kazi. Jiwe la kijani lililobebwa kutoka kilimani hubaki jiwe tu mpaka lipate moto. Ndiyo maana historia ya Katanga inasomeka vizuri zaidi kwa mtu anayeuliza, katika kila zama, moto ulitoka wapi na nani aliuwasha. Zama zimebadilika, mafuta ya kuwashia yamebadilika, ila jambo moja halijabadilika: mwenye moto ndiye mwenye shaba.

Makaa na kichuguu

Katika makaburi ya Sanga, kando ya Ziwa Kisale, wanaakiolojia walikuta misalaba ya shaba imezikwa pamoja na maiti. Kadiri karne zilivyopita, misalaba hiyo ilizidi kuwa midogo na kulingana ukubwa, dalili kwamba ilikuwa imegeuka fedha ya kununulia na kulipia. Shaba ilikuwa mahari, ilikuwa fidia, ilikuwa akiba.

Kazi ya kuiyeyusha ilifanyika kiangazi. Tanuru ilijengwa kwa vipande vya kichuguu, udongo unaostahimili joto. Ndani yalipangwa makaa ya miti pamoja na mawe ya kijani, na wafua wakapuliza kwa mivukuto ya ngozi za wanyama mpaka shaba ikachuruzika. Katika miaka ya 1920 mmisionari Mbelgiji, Jean-Félix de Hemptinne, aliandika habari za mafundi wa Kiyeke waliokuwa bado wanaikumbuka kazi hiyo. Waliitwa "wala shaba". Moto ulikuwa wao: msitu wao, makaa yao, pumzi zao.

Wayeke wenyewe asili yao ni Unyamwezi. Katikati ya karne ya 19 Msiri, mtoto wa mfanyabiashara aliyeitwa Kalasa, aliivuka nchi kutoka upande wa Tabora na kujenga dola yake Bunkeya. Kutoka hapo shaba, pembe za ndovu na watumwa vilikwenda pande mbili, magharibi hadi Benguela na mashariki hadi mwambao wetu. Tarehe 20 Desemba 1891 Msiri aliuawa kwa risasi na afisa wa msafara wa Kapteni William Stairs, uliokuja kuitwaa nchi kwa niaba ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Msafara huo ulianzia pwani ya Afrika Mashariki, na mizigo yake ilibebwa na wapagazi, wengi wao watu wa Zanzibar. Mwaka uliofuata mwanajiolojia Jules Cornet alipita akichora ramani ya miamba. Alichokiona kilimshangaza, na ripoti zake zikawafungua macho wenye mitaji wa Brussels na London.

Makaa ya mawe ya kusini

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906. Kwa miaka kadhaa ilikaa juu ya utajiri isioweza kuugusa, kwa kuwa hapakuwa na reli wala mafuta ya kuyeyushia kwa kiwango cha kiwanda. Reli ilifika mwaka 1910 kutoka Rhodesia, na mwaka huo huo mji wa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, ukaanzishwa. Mwaka 1911 tanuru ya kwanza ilitoa shaba kwa kutumia makaa yaliyotoka Wankie, kusini mwa Mto Zambezi.

Hapo ndipo moto ulipowatoka wenyeji mikononi. Mgodi ulikuwa wa Wabelgiji, lakini tumbo la tanuru lilijazwa na treni ya Waingereza. Treni ikichelewa, tanuru inalala njaa. Mabaki meusi yaliyomwagwa kando ya bomba la moshi yalirundikana miaka nenda rudi mpaka yakawa mlima, na mlima huo pamoja na bomba hilo vikawa nembo ya mji. Mlima huo nao ulikuja kuwa mali: kuanzia miaka ya 2000 ulichenjuliwa upya ili kutoa kobalti na shaba ambavyo tanuru za zamani zilishindwa kuvitoa.

Watu nao walikusanywa kama kuni. Walitoka Kasai, Rhodesia ya Kaskazini, Ruanda-Urundi na vijiji vya Katanga yenyewe, wakawekwa katika kambi za kampuni, na Kiswahili kikawa lugha ya kuagizana kazini na kubembelezea watoto nyumbani. Desemba 1941, wakati wa Vita Kuu ya Pili, wafanyakazi waligoma kudai nyongeza ya mshahara. Tarehe 9 askari waliwafyatulia risasi katika uwanja wa mpira wa Elisabethville, na makumi ya watu wakafa, akiwemo kiongozi wao Léonard Mpoyi. Shaba iliendelea kwenda vitani.

Mito inafungwa

Ili kujinasua na makaa ya Wankie, kampuni iligeukia maji. Mwaka 1930 kituo cha umeme cha Mwadingusha kilianza kazi kwenye maporomoko ya Mto Lufira. Nyuma ya bwawa maji yalitanda juu ya bonde yakawa Ziwa Tshangalele, na ardhi ya watu ikabaki chini ya maji. Katika miaka ya 1950 vituo vya Nzilo na Nseke vilijengwa kwenye Mto Lualaba.

Umeme wa Mwadingusha ulipelekwa kwanza Shituru, Likasi, ambako shaba ilianza kutolewa kwa njia ambayo mwali wake hauonekani. Jiwe lilisagwa na kulowekwa katika asidi hadi shaba ikayeyuka na maji yakageuka buluu. Maji hayo yaliingizwa katika mabirika yaliyopangwa safu kwa safu, vibao vyembamba vikatumbukizwa ndani, kisha umeme ukapitishwa. Shaba ikaganda kwenye kibao chembe kwa chembe, na baada ya siku kadhaa kibao kilitolewa kikiwa kimenenepa, kizito, chenye wekundu wa kung'aa. Njia hiyo ndiyo inayotumika sana Katanga hadi leo. Tani moja ya shaba hula takriban uniti 2,000 za umeme, uniti zile zile tunazozinunua kwa ajili ya mita za nyumbani. Anayesafirisha shaba ya namna hiyo, kwa hakika, anasafirisha mto uliogandishwa.

Katika zama hizo hizo Katanga ilitoa moto wa aina nyingine kabisa. Mgodi wa Shinkolobwe, uliogunduliwa mwaka 1915, ulikuwa na urani nono kuliko migodi mingine iliyojulikana duniani. Mwanzoni kilichotafutwa humo kilikuwa radiamu ya kutibia saratani. Mwaka 1940 mkurugenzi wa Union Minière, Edgar Sengier, alipeleka zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo New York kimyakimya. Septemba 1942 afisa wa jeshi la Marekani, Kenneth Nichols, aligonga mlango wa ofisi yake, na mzigo ukanunuliwa palepale. Urani ya Shinkolobwe ilichangia sehemu kubwa ya mradi uliozaa bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Wachimbaji walioibeba hawakuambiwa ni nini.

Waya unaopita juu

Uhuru ulipokuja mwaka 1960, jambo la kwanza kugombaniwa lilikuwa Katanga. Tarehe 11 Julai Moïse Tshombe alitangaza kujitenga, na bendera ya nchi yake ikachorwa misalaba mitatu ya shaba. Januari 1961 aliyekuwa Waziri Mkuu, Patrice Lumumba, aliuawa karibu na Elisabethville. Utengano uliisha Januari 1963, na mwanzoni mwa 1967 Rais Mobutu akaitaifisha Union Minière. Kampuni iliyozaliwa humo ndiyo iliyokuja kuitwa Gécamines.

Kutaifisha mgodi hakukuondoa hofu ya Kinshasa. Katanga ilikuwa na mito yake na umeme wake, hivyo ingeweza kujitenga tena. Wachambuzi wengi wameisoma laini ya Inga–Shaba katika mwanga huo: waya wa takriban kilomita 1,700 uliovutwa kutoka bwawa la Inga, karibu na Bahari ya Atlantiki, hadi Kolwezi, na kukamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Swichi ikiwa mkononi mwa mtawala wa magharibi, wa kusini hatathubutu.

Waya huo hubeba umeme wa mkondo mnyoofu. Kwa safari ndefu aina hiyo haipotezi nguvu nyingi, lakini ina sharti lake: huwezi kuuchota njiani. Ili kijiji kipate taa lazima kijengewe kituo cha kuubadili umeme kuwa mkondo geu, na vituo hivyo vilijengwa kwenye ncha mbili tu. Matokeo yake nguzo za chuma zilipita juu ya mashamba ya mihogo, waya ukivuma kichwani, huku chini watu wakiwasha vibatari.

Shaba yenyewe haikukaa kusubiri. Uzalishaji wa Gécamines ulifika kama tani 476,000 mwaka 1986. Septemba 1990 mgodi wa chini kwa chini wa Kamoto uliporomoka. Fedha za ukarabati zilikuwa zimeliwa, nchi ikaingia katika msukosuko, na mwaka 1993 hata tani 50,000 hazikufika. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliachishwa kwa mpango ulioungwa mkono na Benki ya Dunia.

Betri

Waliobaki bila kazi walirudi kwenye kilima wakiwa na sururu. Safari hii waliyemtafuta ni ndugu mweusi wa shaba, kobalti, anayekaa naye kwenye mwamba mmoja. Dunia ilikuwa inamjua tangu zamani: Mei 1978 waasi walipoiteka Kolwezi, bei ya kobalti ilipaa, maana injini za ndege haziwezi joto bila madini hayo. Simu na magari ya umeme ndiyo yaliyomfanya agombaniwe. Kobalti huifanya betri isichakae haraka wala kuwaka ovyo. Gari la umeme, juu ya hayo, hubeba takriban kilo 80 za shaba, mara tatu hivi ya gari la petroli. Zaidi ya asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Kongo.

Kasulo, mtaa wa Kolwezi, unaonyesha mambo yalivyo. Mwaka 2014 ilijulikana kwamba chini ya nyumba kuna kobalti. Watu wakachimba uani, wakachimba jikoni, wakachimba sebuleni na kulifunika shimo kwa turubai. Mtaa ukawa kichuguu: juu watoto wanacheza, chini baba anatambaa na tochi kichwani, bila nguzo za kuzuia udongo. Waliofukiwa ni wengi. Baadaye sehemu ya wakazi ilihamishwa na eneo likazungushiwa ukuta.

Migodi mikubwa, mingi ikiwa mikononi mwa Wachina, imeipeleka Kongo hadi nafasi ya pili duniani kwa shaba, nyuma ya Chile. Malori yanapanga foleni mpakani Kasumbalesa, mengine yakielekea Tunduma na bandari ya Dar es Salaam. Lakini umeme hautoshi. Kampuni zimekarabati mitambo ya Inga na Mwadingusha kwa fedha zao, zinanunua umeme Zambia, zinawasha jenereta za dizeli. Mkongomani mmoja tu kati ya watano hivi ana umeme. Lubumbashi, mji uliojengwa juu ya shaba inayotengenezewa nyaya za dunia, bado unapikia mkaa, na miombo inazidi kurudi nyuma kutoka barabarani.

Serikali haijalala. Mwaka 2018 sheria ya madini ilirekebishwa, kobalti ikatajwa kuwa madini ya kimkakati na mrabaha wake ukapanda hadi asilimia 10. Mwaka 2025 ilisimamisha kuiuza nje, kisha ikaweka viwango vya mauzo. Hatua hizo zinagawa upya pesa ya jiwe, nazo ni za haki, lakini haziugusi moto. Kobalti bado inatoka ikiwa unga usiosafishwa, na sehemu kubwa yake husafishwa China, kwa umeme wa China. Mwaka 2022 Kongo na Zambia zilikubaliana kujenga kwa pamoja viwanda vya malighafi za betri. Kiwanda cha aina hiyo hakivumilii umeme wa kukatika mara tatu kwa siku.

Kwa hiyo anayetaka kujua kama Katanga imeanza kula matunda ya jasho lake asihesabu malori mpakani. Aulize megawati ngapi mpya za Lualaba na Lufira zimetengwa kwa ajili ya kiwanda cha kusafishia, na ngapi kwa ajili ya majiko ya Likasi na Kolwezi. Majibu hayo mawili yakianza kuwa na tarakimu za maana, ndipo shaba itakuwa imepata mwenyewe.