Maandalizi ya uso katika uchomeleaji

Fundi wa juakali pale Wang'uru, Mwea, akiletewa bomba la zinki atengeneze geti, au hopa ya kinu cha mpunga, humwambia kijana wake: "Piga grainda hapo kwanza." Kazi hiyo ndiyo ambayo kanuni za uchomeleaji hutaka ifanyike kabla ya moto, na kwa Kiswahili inafaa kuitwa maandalizi ya uso. (Nasema kanuni kwa "code", maana kodi tunayo ya kutosha, ya serikali na ya mwenye nyumba.)

Wapo wanaopendelea kuiita kusafisha uso. Tatizo ni kwamba zinki haikuwekwa pale kwa bahati mbaya. Ni kinga iliyolipiwa, sawa na rangi ya redi oksaidi. Kijana akiambiwa asafishe, atafuta vumbi na mafuta kwa kitambaa na kuona amemaliza, huku zinki ikiwa palepale.

Moto ukiwaka ndipo mambo huonekana. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907 za Selsiasi, ilhali chuma huyeyuka karibu na 1,500. Chuma kikianza kuyeyuka, zinki imeshakuwa mvuke unaotafuta pa kutokea, na ukinaswa ndani ya weldi huacha vitundu. Unaotoka hugeuka moshi mweupe. Aliyeuvuta hupata homa saa kadhaa baadaye: baridi, viungo kuuma, kichwa. Mwea, penye mashamba ya mpunga na mbu wake, ni rahisi kuidhani malaria. Kwa kawaida huisha kwa siku moja au mbili. Maziwa wanayokunywa mafundi wengi hayauzuii moshi kuingia mapafuni.

Je, kanuni yenyewe yasemaje? D1.1, ya Chama cha Uchomeleaji cha Marekani, inaagiza kuondolewa kwa magamba yaliyolegea, kutu nene na mafuta. Lakini gamba jeusi la kiwandani linalostahimili kusuguliwa kwa nguvu kwa brashi ya waya linaweza kubaki, isipokuwa katika viungo fulani vya mihimili inayobeba mizigo ya kurudiarudia. Safu nyembamba ya dawa ya kuzuia kutu nayo inaweza kubaki. Hapa msomaji awe macho: "sharti" na "inaweza" ni maneno mawili tofauti, na mfasiri akiyachanganya fundi atapoteza diski za grainda bure, au atachomelea juu ya rangi nene akidhani ameruhusiwa. Wembamba wa safu hiyo ya dawa, mwamuzi wake ni weldi. Chomelea kipande cha majaribio, kivunje kwa nyundo, tazama kama kina vitundu.

Zinki ina mwongozo wake, D19.0, unaotaka iondolewe milimita 25 hadi 100 kila upande wa weldi, tena pande zote mbili za chuma. Kwa bati, hilo lawezekana. Kwa bomba jembamba, grainda haifiki ndani; zinki ya ndani itaungua tu, kwa hiyo mdomo wa bomba uachwe wazi, kazi ifanyiwe nje, na fundi asimame upande unakotoka upepo.

Baada ya weldi, sehemu iliyokwanguliwa imebaki uchi. Ipakwe rangi yenye zinki nyingi, na gharama yake iingizwe kwenye bei tangu siku ya makubaliano, kwa sababu mteja akishabeba geti lake hatarudi kulipia kopo la rangi.