Ngoma za Kifalme za Burundi na Uchongaji Wake

Ngoma zinazorindima leo katika sherehe za Bujumbura zina asili katika nyua za mwami, yaani mfalme wa Burundi, ambako zilihesabiwa kuwa sehemu ya utawala wenyewe, wala si ala za kutumbuiza.

Mti uliotafutwa na wachongaji ni umuvugangoma, ambao Watanzania huuita mringaringa. Gogo lake lilitobolewa ndani, kisha likawambwa ngozi ya ng'ombe iliyokazwa kwa vigingi vilivyopigiliwa kuzunguka mdomo. Sehemu zake zilipewa majina ya uzazi: vigingi ni amabere, yaani matiti, kiwiliwili ni inda, yaani tumbo, kitako chembamba ni umukondo, yaani kitovu, ngozi ni icahi, kwa jina la ngozi ambayo mama alimbebea mtoto mgongoni, na ukingo ni urugori, ule utepe wa bua la mtama uliovaliwa kichwani na mwanamke aliyezaa.

Juu ya ngoma zote ilikuwapo Karyenda, iliyotunzwa na mwanamwali aliyeitwa Mukakaryenda na kutolewa hadharani kwa nadra, hasa katika Umuganuro, sikukuu ya mtama, ambapo mwami alibariki msimu wa kupanda. Huko Gishora, karibu na Gitega, mwami Mwezi Gisabo alianzisha makao ya ngoma baada ya kumshinda chifu muasi Ntibirangwa, na watimbo, yaani wapiga ngoma wa koo maalumu, wakarithishana kazi hiyo.

Wabelgiji waliuzima Umuganuro, lakini Karyenda ilichorwa katika bendera ya uhuru ya mwaka 1962, ikaondolewa ufalme ulipofutwa Novemba 1966. Mwaka 2014 UNESCO iliuingiza uchezaji wa ngoma hizo katika orodha ya urithi wa binadamu. Miaka mitatu baadaye amri ya rais iliwakataza wanawake kuzipiga na kuyataka maonyesho yaliyo nje ya hafla rasmi yaombewe kibali, ingawa vikundi vya wanawake vilikwisha kuzipiga mbele ya umma; na ni vigumu kuona jinsi katazo hilo linavyopatana na chombo ambacho wachongaji walikiumba, kiungo kwa kiungo, kwa mfano wa mama.