Nusu Sekunde Iliyofichua Mlango wa Uani

Mwishoni mwa Machi 2024, Andres Freund alikuwa akipima kasi ya PostgreSQL, hifadhidata ambayo yeye ni mmoja wa wanaoiunda. Vipimo vya aina hiyo vinataka kompyuta iliyotulia, na yake ilikataa kutulia. SSH, programu inayowawezesha mafundi kuingia kwenye seva wakiwa mbali, ilikuwa ikila nguvu nyingi za mashine hata pale aliyebisha hodi alipotaja jina lisilokuwepo, mtu wa kurudishwa papo hapo mlangoni. Kazi iliyokuwa ikimalizika kwa takriban sekunde 0.3 sasa ilichukua 0.8.

Nusu sekunde tu. Fundi mwingine angeulaumu mtandao akaendelea na shughuli zake.

Freund akachimba. Tarehe 29, siku ya Ijumaa Kuu, akatangaza alichokikuta: ndani ya xz, programu huria ya kubana mafaili, katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1, kulikuwa kumefichwa mlango wa uani. Mwenye ufunguo wake wa siri angeweza kuiamuru seva ya watu ifanye atakalo bila nywila yoyote. SSH yenyewe haina haja na xz. Ila Debian, Fedora na baadhi ya wenzao wanaosambaza mifumo ya Linux walikuwa wameitia kiraka kinachoiunganisha na maktaba ya systemd, programu inayosimamia huduma za mfumo, nayo systemd inaitegemea maktaba iliyomo ndani ya xz. Sumu ilipita kiungo kwa kiungo, kama inavyopita katika mnyororo wowote wa ugavi. Bahati ni kwamba ilinaswa ikiwa bado kwenye matoleo ya majaribio ya mifumo hiyo, kabla ya kufika kwenye seva nyingi.

Ufichaji wake ulikuwa wa hali ya juu. Msimbo wa mlango ulihifadhiwa ndani ya mafaili ya majaribio, moja likiitwa bad-3-corrupt_lzma2.xz. Faili linalojitangaza kuwa bovu nani atalifungua alikague? Na ile hati fupi ya kuuamsha haikuwekwa kwenye hazina ya wazi ambako kila mtu husoma. Ilitiwa kwenye kifurushi kilichokwisha kufungwa, kile ambacho wasambazaji hukipakua na kukijenga.

Hata hivyo, namna mdukuzi alivyopewa funguo za nyumba inauma zaidi. Kwa miaka mingi xz ilitunzwa na Mfini mmoja, Lasse Collin, bila malipo. Mwaka 2021 alijitokeza mtu aliyejiita Jia Tan, akaanza kuleta marekebisho madogo madogo yenye manufaa. Mwaka uliofuata majina mengine yasiyo na historia yakaanza kumsakama Collin: mbona kazi inasuasua, mbona hampi mwingine usimamizi? Juni 2022 Collin alijibu kwa upole kwamba amekuwa na matatizo ya muda mrefu ya afya ya akili, na akawakumbusha kuwa kazi hiyo haimlipi. Kufikia 2023, Jia Tan alikuwa akitoa matoleo mapya kwa mkono wake. Hajatambuliwa ni mtu mmoja au kundi.

Onyo lilikuwepo zamani. Mwaka 1983 Ken Thompson, mmoja wa waasisi wa mfumo wa Unix, alipopokea tuzo ya Turing alieleza jinsi kikusanyaji, programu inayougeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, kinavyoweza kupandikiza mlango wa siri katika programu ambayo msimbo wake hauna doa. Kusoma msimbo peke yake, alisema, hakutoshi.

Somo la pili lilikuja Aprili 2014. Kasoro ya Heartbleed ndani ya OpenSSL, maktaba inayolinda mawasiliano ya sehemu kubwa ya intaneti, iliruhusu mgeni kuchota kumbukumbu za seva hadi kilobaiti 64 kwa ombi moja. Dunia ikashtuka kusikia kuwa mradi huo ulikuwa ukipata michango ya kama dola 2,000 kwa mwaka. Mwezi huohuo Linux Foundation ikazikusanya Google, Microsoft, Facebook na nyingine kuchangia mfuko wa kuokoa miradi ya namna hiyo. Fedha zilisaidia OpenSSL. Miradi midogo kama xz ilibaki kivulini.

Desemba 2021 ikawa zamu ya kasoro ndani ya Log4j, maktaba ya Java ya kuweka kumbukumbu za matukio, na mafundi wengi walishindwa kujibu swali jepesi: je, sisi tunaitumia? Mapema mwaka huo Rais Joe Biden alikuwa ameagiza kampuni zinazoiuzia serikali ya Marekani programu zitoe orodha ya viungo vilivyomo, kama vile pakiti ya biskuti inavyoandikwa unga, sukari na mafuta. Mwaka 2022 Ujerumani ikaanzisha mfuko wa umma wa kuwalipa watunzaji. Nao mafundi wa Debian wamejitahidi tangu 2013 kuhakikisha msimbo uleule ukijengwa na watu wawili tofauti unazaa faili lilelile, biti kwa biti.

Haya hayako mbali na Dodoma wala Nairobi. Wizara za afya za Tanzania na Kenya hukusanya takwimu za zahanati na hospitali kwa DHIS2, programu huria inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, ambayo kwa kawaida hufungwa kwenye seva za Linux. Fundi anayeitunza seva kama hiyo huingia kwa SSH.

Collin aliposikia habari alikuwa mapumzikoni, mbali na intaneti. Akarejea, akapitia kazi ya Jia Tan badiliko kwa badiliko. Tarehe 29 Mei 2024, miezi miwili kamili baada ya tangazo la Freund, toleo la 5.6.2 lilitoka bila mlango wa uani, likiwa na saini yake mwenyewe.