Shaba ya Katanga Katika Mitaa ya Brussels

Mgeni anayefika Brussels na kuulizia historia ya Afrika huelekezwa Tervuren, kwenye jumba kubwa la makumbusho ya Afrika ya Kati ambalo asili yake ni maonyesho ya kikoloni ya mwaka 1897. Ni vyema aende. Lakini mji huu una makumbusho mengine mengi, madogo, ya mitaa na ya kazi, ambayo wageni huyapita bila kugeuza shingo. Kuna ya mifereji ya majitaka, kuna ya tramu, kuna kiwanda cha bia cha Cantillon kule Anderlecht ambacho ni makumbusho na bado kinapika bia. Wakati wa mapumziko ya siku tatu ya Pentekoste, sisi wanachama tuliobaki mjini tulikubaliana kuyaendea haya madogo tukiwa na swali moja: historia ya wasemaji wa Kiswahili inaingiaje humo? Jibu tulilorudi nalo ni kwamba makumbusho haya hutupa mwanzo wa njia tu. Sehemu iliyobaki inawahitaji watu wanaosoma Kiswahili, yaani sisi wenyewe.

Tulianzia La Fonderie, katika wilaya ya Molenbeek. Ili kuielewa La Fonderie ni lazima kwanza kuielewa Molenbeek. Mfereji unaounganisha Brussels na Charleroi ulifunguliwa mwaka 1832, na kwa njia hiyo makaa ya mawe yakawa yanafika mjini kwa mashua. Viwanda vikaota kando ya maji kama uyoga, hata watu wakaiita Molenbeek “Manchester ndogo”. Miongoni mwa viwanda hivyo kilikuwa Compagnie des Bronzes, kilichoanza mwaka 1854 na kufungwa mwaka 1979. Hapo ndipo mafundi waliposubu sanamu, vinara na taa zilizopamba viwanja na majumba. Mwaka 1983 iliundwa jumuiya ya kuokoa kumbukumbu ya kazi mjini, na magofu ya kiwanda hicho yakageuzwa kuwa makumbusho ya viwanda na kazi.

Ubora wa mahali kama hapa ni kwamba mtu anajifunza jinsi kitu kinavyotengenezwa. Sanamu tunayoiona uwanjani ikiwa imetulia juu ya jukwaa ilianza kama umbo la plasta. Umbo lilibanwa kwenye mchanga ili kupata kalibu, kisha shaba iliyochanganywa na bati ikayeyushwa tanurini na kumiminwa ndani. Baada ya hapo walikuja wa kupasua kalibu, wa kukata mabaki, wa kuunga vipande, wa kusugua na wa kutia rangi. Jina linaloandikwa chini ya sanamu ni la msanii mmoja, lakini mikono iliyoigusa ni mingi. La Fonderie inatufundisha kuitafuta mikono hiyo.

Somo hilo tukalibeba, na likatuzalia swali jingine: shaba yenyewe ilitoka wapi, na mikono iliyoichimba ni ya nani? Hapa tuwe waangalifu. Compagnie des Bronzes ilianza kazi zaidi ya nusu karne kabla ya shaba ya Katanga kuanza kuyeyushwa kwa njia ya kiwanda, kwa hiyo si haki kudai kwamba kila kilichosubiwa Molenbeek kilitoka Kongo. Lakini ipo sanamu moja mjini ambayo haituachi tukisie. Ni ile ya Mfalme Leopold II akiwa juu ya farasi, katika uwanja wa Trône, karibu kabisa na ikulu. Ni kazi ya mchongaji Thomas Vinçotte, na ilizinduliwa mwaka 1926. Maandishi yaliyo kwenye jukwaa lake yanaeleza kwamba shaba na bati yake vilitoka Kongo ya Wabelgiji, na kwamba vilitolewa bila malipo na kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga.

Maneno hayo, “bila malipo”, yanastahili kusomwa polepole. Aliyetoa zawadi ni kampuni, iliyoundwa mwaka 1906 na kuanza kuyeyusha shaba Lubumbashi mwaka 1911. Aliyepewa zawadi ni mfalme aliyekwisha kufa mwaka 1909. Waliochimba hawatajwi kokote. Walitoka vijiji vya Katanga, Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), Kasai, Maniema, hata Ruanda-Urundi. Kila mmoja alikuja na lugha yake, na katika makambi ya wafanyakazi lugha iliyowakutanisha ikawa Kiswahili. Watoto waliozaliwa makambini walikua nacho, na mpaka leo Kiswahili cha Lubumbashi kina ladha yake, ambayo mtu wa Unguja huitambua kabla sentensi haijaisha. Mwaka 1971 serikali ya Mobutu iliubadilisha jina mkoa wa Katanga, ukaitwa Shaba, na jina hilo likadumu hadi 1997. Mkoa mzima ulibeba neno la Kiswahili la kile kilichochimbwa humo.

Je, wachimbaji hao ni sehemu ya historia ya Brussels? Swali hilo lilitufuata hadi makumbusho ya pili tuliyotembelea hapo hapo Molenbeek, MigratieMuseumMigration, yaliyofunguliwa mwaka 2019. Ni madogo, na yamejengwa juu ya hadithi za watu waliohamia mji huu, pamoja na vitu walivyokuja navyo. Ubelgiji ilitia saini mkataba wa wafanyakazi na Italia mwaka 1946, kisha na Moroko na Uturuki mwaka 1964. Waliokuja kwa mikataba hiyo walishuka migodini, wakajenga reli na mahandaki ya mji. Wakongo hawakuletwa kwa mikataba ya namna hiyo. Kabla ya uhuru wa mwaka 1960 ni wachache sana walioruhusiwa kuishi Ubelgiji, na mtaa wa Matonge, kule Ixelles, ulichangamka baadaye. Kwa hiyo mchimbaji wa Katanga aliitajirisha Brussels bila kuiona. Hakuacha sanduku wala pasipoti ya kuweka kwenye kabati la kioo.

Hata hivyo aliacha maneno. Mwaka 1965 André Yav, kwa niaba ya chama cha watumishi wa nyumbani, aliandika historia ya mji wa Élisabethville, ambao ndio Lubumbashi ya leo. Aliiandika kwa Kiswahili cha mji huo huo, akiusimulia ukoloni kama ulivyoonekana na wale waliopika, waliofua na waliochimba. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliichapisha mwaka 1990 pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Tukirudi Lubumbashi yenyewe, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti wa chuo kikuu cha huko wamekuwa wakikusanya simulizi za familia za wafanyakazi na vitu vya nyumbani mwao. Hiyo nayo ni historia ya mtaa, ila mtaa wenyewe uko upande wa pili wa ile shaba.

Wapo watakaosema kwamba makumbusho ya mtaa yana haki ya kuishia mtaani, kwani yakifuata kila kipande cha madini hadi shimoni hayatakuwa na mwisho. Hoja hiyo ina uzito. Makumbusho madogo yana vyumba vichache na fedha kidogo, na nguvu yake ni kule kulijua eneo lake vizuri. Hatuyadai yafanye kazi ya Tervuren. Lakini pale ambapo jukwaa la sanamu linaitaja Katanga waziwazi, Katanga imekwisha kuingia mtaani kabla yetu.

Kwa hiyo tunawapendekezea wanachama na walimu wetu kazi moja inayowezekana. Tuchague kurasa chache za maandishi ya Yav, tuzisome pamoja, tuziandikie maelezo kwa Kiswahili sanifu na tafsiri kwa Kifaransa na Kiholanzi, lugha mbili za mji huu. Si kazi rahisi: Kiswahili chake kitawatoa jasho hata wanaojiona mafundi, na hapo walimu watatufaa. Kisha, sikukuu ijayo, twende navyo uwanja wa Trône, tuzisome kwa sauti mbele ya maandishi yale yanayotaja zawadi.