Mwenye Nguvu Mpishe: Historia Fupi ya Mieleka ya Kujikinga, kutoka Tokyo hadi London

Katika lugha yetu iko methali isemayo, "Mwenye nguvu mpishe." Aghalabu hutajwa ili mnyonge akubali unyonge wake: mkubwa akija njiani, mdogo na ajitenge kando. Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba huko Japani, katika karne ya 19, wazo lililo jirani sana na hilo liligeuzwa kuwa kinga ya mnyonge. Na kwamba historia yake yatufaa sisi wachunguzi wa lugha, maana yatuonya juu ya hatari ya kulifasiri neno moja kwa haraka.

Kwa karne nyingi wapiganaji wa Japani, yaani samurai, walijifunza pamoja na upanga namna za kumkamata adui, kumwangusha na kumbana chini. Ujuzi huo uliitwa jujutsu. Zilikuwapo shule nyingi, na kila shule ilihifadhi siri zake. Baada ya mageuzi ya mwaka 1868 nchi ilianza kujipanga upya kwa kufuata mambo ya Ulaya na Marekani, na mwaka 1876 samurai walikatazwa kuchukua panga hadharani. Walimu wengi wa jujutsu walipoteza heshima pamoja na riziki yao, na ujuzi wenyewe ukaonekana kuwa masalio ya zamani.

Aliyeuokoa hakuwa mpiganaji mashuhuri. Kano Jigoro alizaliwa mwaka 1860 katika mji wa Mikage, karibu na Kobe. Mwili wake ulikuwa mdogo, na shuleni alionewa na wenzake waliomzidi nguvu. Mwaka 1877 alianza kujifunza kwa Fukuda Hachinosuke; mwalimu huyo alipofariki mwaka 1879 alimwendea Iso Masatomo, na baadaye Iikubo Tsunetoshi, mwalimu wa shule nyingine. Mwaka 1882, akiwa kijana aliyemaliza masomo ya chuo kikuu mwaka mmoja tu nyuma, alifungua shule yake, Kodokan, katika hekalu la Eishoji mjini Tokyo. Palikuwa na mikeka 12, na katika mwaka wa kwanza wanafunzi walikuwa tisa.

Kano alibadili pia jina. Mahali pa jutsu, yaani ufundi, aliweka do, yaani njia. Basi ikawa judo. Badiliko hilo halikuwa la maneno matupu. Mapigo ya hatari aliyaondoa katika mazoezi ya kushindana na kuyabakiza katika mafunzo ya kupangwa, ili wanafunzi waweze kupambana kila siku kwa bidii zao zote bila ya kuvunjana viungo. Hapo ndipo siri ya mafanikio yake: ujuzi usioweza kujaribiwa juu ya mtu anayekataa kuangushwa hauwezi kutegemewa siku ya shari.

Hebu sasa tulitazame neno ju. Wafasiri wengi wa Ulaya wamelitafsiri kwa neno lenye maana ya upole au ulaini, na baadhi yetu tumewafuata. Kano mwenyewe alilieleza kwa hesabu. Chukua mtu mwenye nguvu kumi, na mimi nguvu zangu saba. Akinisukuma nami nikamkinza, nitashindwa hata nikitumia nguvu zangu zote. Lakini nikirudi nyuma kwa kadiri ile ile anayonisukuma, huku nikihifadhi mizani ya mwili wangu, yeye atainama mbele na kupoteza mizani yake. Katika nukta hiyo nguvu awezazo kuzitumia ni kama tatu tu, nami bado ninazo saba. Hapo naweza kumwangusha hata kwa nusu ya nguvu zangu.

Kitendo hiki si upole, wala si ulaini. Ni kupisha. Anayepisha hasalimu amri; aiacha nguvu ya mwenzake ipite, kisha huiongoza inakokwenda. Methali yetu, ikisomwa hivi, haimwambii mnyonge akimbie tu. Yamwambia asishindane na nguvu pale ilipo.

Mafunzo ya mwanzo yafuata wazo hilo. Jambo la kwanza afundishwalo mwanafunzi ni ukemi, neno linalotokana na kupokea na mwili: namna ya kuanguka. Hufunza kidevu kukaa kifuani ili kisogo kisigonge chini, na mkono mzima kupiga mkeka ili mshindo usambae. La pili ni kuzushi, yaani kuivunja mizani ya mwenzake kabla ya kujaribu kumwangusha. (Kufanana kwa neno hilo na kuzusha kwetu ni bahati tupu, na mchunguzi asihadaike nako.) Kisha huja kubana na kujinasua. Twaona basi kwamba mlango wa elimu hii si kupiga. Ni kuanguka pasipo kuumia.

Elimu hiyo ilifika London mwishoni mwa karne ile ile. Mhandisi Edward William Barton-Wright, aliyekuwa amefanya kazi Japani, alirudi Uingereza mwaka 1898 na kuwaalika walimu wa Kijapani, miongoni mwao Tani Yukio na Uyenishi Sadakazu. Katika waliojifunza kwa Uyenishi alikuwamo Edith Garrud, aliyezaliwa mwaka 1872, mwanamke ambaye urefu wake haukufika futi tano. Yeye ndiye aliyewafunza wanawake wa chama cha Emmeline Pankhurst, kilichoundwa mwaka 1903 kudai haki ya wanawake kupiga kura. Mwaka 1910 gazeti la Punch lilichora picha ya mwanamke wa namna hiyo akiwatisha askari kadhaa peke yake. Wasomaji walicheka, walakini jambo lenyewe halikuwa mzaha, kwani wanawake hao walikuwa wakipigwa na kuburutwa katika maandamano.

Mwaka 1913 ilitungwa sheria iliyopewa jina la utani la Paka na Panya. Mfungwa aliyegoma kula aliachiliwa hadi apate nafuu, kisha akakamatwa tena. Ndipo kilipoundwa kikosi cha wanawake wapatao 30 cha kumlinda Bi Pankhurst, nao walifanya mazoezi kwa siri chini ya Garrud. Mnamo Februari 1914, mjini London, walimtorosha kwa hila: polisi walimkamata mwanamke mwingine aliyejifunika uso, naye Bi Pankhurst akaenda zake. Lakini mwezi uliofuata, katika ukumbi wa St Andrew's mjini Glasgow, polisi walivamia jukwaa, mapigano makali yakatokea, na Bi Pankhurst akakamatwa.

Yatupasa tuyapime matukio haya mawili kwa pamoja. Anayesimulia la London tu atawafanya wasomaji waamini kwamba ufundi wa mieleka hushinda idadi na silaha. La Glasgow lakanusha. Kinga hiyo ilileta muda, na muda ulileta nafasi ya kuondoka. Pale nafasi ilipokosekana, ufundi haukutosha. Watu wa Kodokan nao walilijua jambo hili. Mwaka 1926 walifungua idara ya wanawake, na mwaka 1956 walitoa mafunzo 21 ya kujikinga yaliyopangwa kwa maisha ya siku hizi: 12 dhidi ya mtu asiye na silaha, na tisa dhidi ya kisu, fimbo na bastola.

Tukirudi katika lugha yetu, hatuna haja ya kukopa kila kitu. Mieleka tunayo. Kumtegea mtu mguu akaanguka tunakuita kumpiga ngwala. Kumbana shingo kwa mkono ni kumpiga kabali. Maneno haya hata mtoto wa mtaani ayajua, na kabali wengi wameijua kwa uchungu, kwa mkono wa mnyang'anyi gizani. Ndiyo sababu namna ya kufasiri ju si ubishi wa wasomi tu. Binti atakayefundishwa kwamba elimu hii ni "ulaini" atadhani kwamba nguvu za mshambulizi hazina maana, na atakaa pale ilipompasa kuondoka. Atakayefundishwa "kupisha" amepewa kwa neno moja mambo mawili: namna ya kumwangusha mwenye nguvu, na ruhusa ya kumwacha apite.

Kano alifariki mwaka 1938, akiwa melini, katika safari ya kurudi kwao. Garrud aliishi hadi mwaka 1971. Wote wawili walikuwa na miili midogo, na wote wawili walianza kuwafundisha wanafunzi wao kwa somo lile lile: kuanguka, na kuinuka tena.